Kabla ya kukigusa kidevu, fungua kinywa

Siku ya nne baada ya upasuaji nilikuwa nimeegemea mito kitandani, nakunywa supu ya vuguvugu kwa kijiko kidogo. Nilijiona naendelea vizuri. Dada yangu akanyanyuka, akachukua taulo, akanipangusa kidevu na shingo, kisha akarudi kukaa bila kusema neno. Nilipotazama chini, shati lilikuwa limelowa hadi kifuani. Supu ilikuwa ikichuruzika kwenye pembe ya mdomo, kijiko baada ya kijiko, na mimi sina habari. Mdomo wa chini nilikuwa nao, kioo kilinionyesha, lakini ulikuwa umenyamaza kabisa.

Naanzia hapo kwa sababu wanaoniuliza kuhusu kurekebisha kidevu huanzia kwenye picha: kilikuwaje, kikawaje. Picha ninazo, na matokeo nayapenda. Ila picha haisemi lolote kuhusu mdomo usiohisi supu, na hilo ndilo nililoishi nalo muda mrefu kuliko maumivu na kuliko nyuzi. Kama unafikiria upasuaji huu, ningependa ulijue kabla hujachagua sura unayoitaka.

Kidevu changu kilikuwa kimerudi nyuma. Ukinitazama usoni moja kwa moja huoni tatizo. Ukinitazama ubavuni unaona pua, unaona midomo, halafu uso unakatika na kuingia shingoni. Nililiona hilo nikiwa na miaka 16, mwenzangu aliponipiga picha ya pembeni bila mimi kujua. Tangu siku ile nikajua upande wa kusimama tukipiga picha za pamoja, na ndevu zilipoota nikazifuga zikawa ndizo kidevu changu. Nilizichonga kwa uangalifu, ndefu kidogo mbele, fupi pembeni, zijaze pale mfupa ulipokosekana. Kwa miaka 12 hakuna aliyewahi kuniona nimenyoa, hata nyumbani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulihusisha na kidevu hata siku moja. Midomo yangu haikuwa ikikutana yenyewe. Kuifunga ilikuwa kazi. Nilibana, na nikibana, ngozi ya kidevu inajikunja vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Nikilala mdomo unabaki wazi, naamka koo limekauka. Nilidhani kila mtu yuko hivyo.

Daktari wa kwanza niliyemwendea alinitazama dakika chache, akanipiga picha ya pembeni, akaifungua kwenye kompyuta na kukivuta kidevu mbele. Papo hapo ukatokea uso niliokuwa nikiutamani tangu ujana. Mtu akionyeshwa picha ya namna ile ni vigumu sana kufikiri sawasawa. Macho yanakataa kurudi kwenye uso wa zamani. Akaniambia dawa yake ni kipandikizi cha silikoni: anapasua kidogo chini ya kidevu, anakiingiza juu ya mfupa, saa moja kazi imekwisha, nalala nyumbani siku hiyo hiyo. Nikalipa malipo ya awali kabla sijatoka mlangoni. Hakuniambia nifungue kinywa.

Uzito wa hilo niliuona wiki tatu baadaye, tena kwa bahati. Nilikwenda kwa daktari wa meno kuziba jino, nikamsimulia mipango yangu kwa furaha. Akaweka chini kifaa alichokuwa ameshika.

"Alisema nini kuhusu meno yako yanavyoumana?"

Nikamwambia hakuyatazama.

"Basi usipasuliwe bado."

Akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha kila kitu. Kidevu kinaweza kuwa kidogo chenyewe huku taya limekaa mahali pake. Lakini pia huenda taya zima la chini ndilo liko nyuma, na kidevu kimelifuata tu. Watu hawa wawili wakisimama ubavuni wanafanana, ila tiba zao hazifanani kabisa. Yule wa pili huenda akahitaji waya za kupanga meno, na pengine upasuaji wa kulisogeza taya lenyewe. Ukimwekea kipandikizi, umeupamba uso, lakini meno yameachwa vile vile hayakutani vizuri, na siku akiamua kutibu taya, kidevu kile kitabidi kiguswe upya. Ndiyo maana meno hutazamwa kwanza. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Malipo yangu ya awali kule kwa wa kwanza sikurudishiwa. Yaliniuma sana wakati ule. Leo sioni kama nilipoteza.

Daktari niliyetumwa kwake alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Nusu saa ya kwanza hakunipiga picha hata moja. Aliniambia nimeze mate. Nicheke. Nihesabu moja hadi kumi. Nibane magego. Niachie midomo ikae inavyotaka, halafu niifunge. Akauliza kama ninakoroma usiku, kama huwa naamka nimechoka, kwa sababu taya lililorudi nyuma linaweza kuibana njia ya hewa mtu akilala, na hilo si la kuachwa lipite. Akaweka rula ndogo ya plastiki wima mbele ya midomo yangu, akapima. Kisha akaweka ncha ya kidole kwenye kidevu na kuniambia nifunge midomo tena.

"Unahisi ninapogusa? Huu msuli unahangaika. Unavuta mdomo wa chini juu kwa nguvu kwa sababu mfupa hauufikishi."

Nilihisi. Ulikuwa mgumu kama fundo. Miaka yote ile nilikuwa nikikitazama kidevu kwa nje, na hakuna siku niliyojiuliza kinafanya kazi gani.

Zikafuata eksirei ya kichwa ya ubavuni, ambayo juu yake huchorwa mistari na pembe za kupima taya, na skani ya kuonyesha mfupa na njia ya neva ndani yake. Jibu langu likaja hivi: meno yanaumana vya kutosha, taya halina shida kubwa, tatizo ni kidevu chenyewe. Ila kilikuwa na kasoro mbili, si moja. Kilikosa kama milimita 6 kwenda mbele, na kilizidi kama milimita 3 kwenda chini. Hapo ndipo kipandikizi kiliposhindwa. Kipandikizi huongeza tu, hakiwezi kufupisha. Kingenipa kidevu cha mbele zaidi, lakini bado kirefu, na midomo ingebaki na tabu yake ile ile.

Alichopendekeza ni kukata mfupa. Anapasua ndani ya kinywa, kwenye bonde lililo kati ya mdomo wa chini na ufizi, kwa hiyo nje hapabaki kovu. Kwa msumeno mwembamba anakata mfupa wa kidevu kwa ulalo, chini ya mizizi ya meno. Kipande kile kinabaki kimeshikwa na misuli na nyama zake kwa chini, hivyo damu inaendelea kukilisha. Anaondoa kijipande chembamba cha kufupisha, anakisogeza kidevu mbele, anakifunga kwa bamba dogo la titani na skrubu. Bamba hilo hukaa humo maisha yote kama halileti shida.

Niliposikia "msumeno" mwili ulisisimka. Nilimuuliza kama ni jambo jipya, kama mimi ndiye wa kujaribiwa. Akanieleza kwa utulivu kwamba Hofer alieleza ukataji huu mwaka 1942, wakati huo kwa kupasua ngozi ya nje, na mwaka 1957 Trauner na Obwegeser wakaeleza namna ya kupitia ndani ya kinywa. Ni kazi ya miongo mingi. Sikujua historia inaweza kumtuliza mtu namna hiyo.

Nisieleweke vibaya kuhusu kipandikizi. Kwa mtu ambaye urefu wa kidevu chake uko sawa, midomo inakutana bila tabu, na anachokosa ni milimita chache za mbele, kinaweza kumfaa sana: upasuaji ni mfupi zaidi, na kikileta matatizo kinaweza kutolewa. Lakini kina mambo yake. Kinaweza kuhama kikakaa upande, kinaweza kuingia vijidudu kikalazimika kutoka, na mfupa ulio chini yake unaweza kuliwa polepole kwa kugandamizwa. Na kutolewa si sawa na kutowekwa. Ngozi na msuli vilivyokwisha kutanuka huenda vikalegea. Sindano za kujaza nazo zipo, zile za asidi ya hayaluroniki. Hizo huisha baada ya miezi kadhaa au zaidi kidogo, na zinaweza kuyeyushwa kwa dawa, kwa hiyo wapo wanaozitumia kuonja sura mpya kabla ya kisu. Nazo si mchezo wa kufanyiwa na yeyote saluni. Dawa ikiingia ndani ya mshipa wa damu inaweza kuua ngozi, na hutokea, japo mara chache sana, mtu akapoteza uwezo wa kuona.

Mle kwenye chumba cha kungojea nilizungumza na dada mmoja aliyekuwa na shida kinyume cha yangu. Yeye alitaka kidevu kipungue. Aliniambia alichofafanuliwa: kuongeza ni rahisi kutabiri, kwa sababu mfupa ukienda mbele nyama huufuata karibu hatua kwa hatua. Kupunguza ni kugumu, maana mfupa ukikwanguliwa ngozi haipungui kwa kiasi hicho hicho. Inaweza kubaki imening'inia. Nilimwona ameshika daftari lenye maswali kurasa mbili. Nami nikaenda kununua daftari.

Kuna swali ambalo sikulitegemea. Daktari aliuliza huwa najitazama wapi. Nikamwambia kwenye simu. Akanisimamisha, akanipiga picha kwa simu yangu mwenyewe mara mbili, ya kwanza mkono ukiwa karibu na uso, ya pili akiwa amerudi nyuma hatua mbili. Zilikuwa kama nyuso za watu wawili. Picha ya karibu hukuza kilicho mbele na kukidhoofisha kilicho nyuma, hivyo pua hukua na kidevu hurudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba picha ya umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ile ya mita moja na nusu. Nusu ya ubaya niliokuwa nikiuona usiku kucha kwenye simu ulitokana na urefu wa mkono wangu. Nusu nyingine ilikuwa kweli, na eksirei iliithibitisha, lakini nilifarijika kujua kipi ni kipi.

Halafu akauliza: "Ukiamka kidevu kimekaa sawa, na maisha yako yote mengine yakabaki vile vile, utaridhika?"

Nikajibu ndiyo, haraka.

"Nenda ukae na hilo swali miezi mitatu. Halafu uzungumze na mshauri wa saikolojia mara moja au mbili. Kuna watu macho yao yameganda kwenye kasoro moja, na kisu hakiyatoi pale. Nikikupasua na wewe ni mmoja wao, nitakuwa nimekuumiza."

Nilikasirika, sitaficha. Niliona ananichelewesha. Mwezi wa pili ndipo nilipogundua kwamba katika kichwa changu kidevu kilikuwa kimebebeshwa mambo chungu nzima: mchumba aliyeniacha, kazi niliyokosa kwenye usaili, woga wangu wa kusimama mbele za watu. Mshauri alinisaidia kuyashusha moja moja. Yaliposhuka yote bado nilikitaka kidevu, ila sasa kwa sababu mbili zinazohesabika: midomo ikutane, na ninyoe ndevu nikitaka. Nilirudi kwa daktari na sababu hizo mbili, akatabasamu, tukapanga tarehe.

Sasa nije kwenye neva, maana ndiyo hasa niliyoahidi.

Kila upande wa taya la chini, usawa wa magego madogo, kuna tundu dogo kwenye mfupa. Hapo hutokea neva inayoleta hisia za mdomo wa chini, ngozi ya kidevu na ufizi wa mbele. Kabla ya kutoka, neva hiyo hushuka kidogo chini ya tundu lake, ikapinda na kupanda. Kwa hiyo anayekata mfupa hana budi kupita milimita kadhaa chini ya tundu, akihesabu pindo hilo. Hata akipita mbali kabisa, bado neva huvutwa wakati mdomo unaposhushwa ili mfupa uonekane, na neva iliyovutwa huzimia. Kwa walio wengi huamka baada ya wiki au miezi. Kwa baadhi haiamki yote. Daktari alinichorea haya kwa kalamu nyuma ya fomu ya ridhaa, na kwenye fomu yenyewe ganzi ya kudumu ilikuwa ya tatu, baada ya kuvuja damu na maambukizi. Zikafuata kuumia kwa mizizi ya meno, kidevu kutokaa sawa pande zote, msuli kutoshika vizuri na kidevu kulegea chini, na uwezekano wa kurudiwa. Nilizisoma na dada yangu sebuleni, kwa sauti. Yeye ndiye aliyeuliza: "Hii ya ganzi, ikibaki, utaweza?" Nilisema nitaweza. Nilikuwa sijui ganzi ni nini.

Maandalizi yalikuwa ya kawaida. Sigara marufuku wiki nne kabla na wiki kadhaa baadaye, kwa sababu huchelewesha jeraha kupona. Mimi sivuti, ila waliuliza mara tatu. Dawa kama aspirini, na hata virutubisho na miti shamba, vyote viliandikwa kwenye orodha, na daktari akaamua kipi kisimamishwe na lini. Meno yakasafishwa. Siku yenyewe nilikwenda bila kula. Kwa kukata mfupa hupewa nusu kaputi, na kwa kuwa kinywa ndicho uwanja wa kazi, mpira wa kupumulia ulipitishwa puani. Hili sikuwa nimelisikia popote, kwa hiyo nilipozinduka pua inawaka na ina damu kidogo, nilidhani wamekosea mahali. Nilikuwa na plasta pana zimenizunguka kidevu na mdomo mzito. Nililala hospitali usiku mmoja.

Maumivu yalikuwa madogo kuliko nilivyoogopa. Dawa ziliyatosha. Kilichonishinda ni siku ya tatu. Uvimbe hupanda kwanza ndipo ushuke, na kilele chake ni kati ya siku ya pili na ya tatu, jambo nililoambiwa na kuliandika daftarini. Lakini nilipoamka na kuona kwenye kioo uso wa mraba, mdomo umefura umebinuka, nililia. Niliamini nimejiharibia. Dada yangu alifungua daftari akaniwekea kidole kwenye mstari niliouandika kwa mkono wangu: "Siku ya 3 usijitazame." Akachukua kioo cha mkononi akaondoka nacho. Nakuomba sana, uwe na mtu nyumbani wiki ile. Si wa kukupikia tu. Awe wa kukukumbusha yale uliyoyajua kabla hujaogopa.

Damu iliyovilia ilishuka na siku: leo zambarau chini ya kidevu, kesho shingoni, siku ya saba njano kifuani. Nililala na mito mitatu. Chakula kilikuwa cha kusagwa, kisha laini, na mfupa uliachwa uunge bila kusumbuliwa; michezo ya kugongana nilikatazwa wiki nane. Kila baada ya kula nilisukutua kwa maji ya chumvi na dawa ya kinywa, nikapiga mswaki kwa mswaki laini wa mtoto, juu juu, mbali na nyuzi. Usafi huu usiufanyie uvivu. Jeraha liko mahali ambapo chakula kinapita mara tatu kwa siku. Nyuzi ziliyeyuka zenyewe, za mwisho zikitoka kama vipande vya uzi wa mshipi wiki ya tatu.

Na mdomo umelala. Herufi za midomo, *p*, *b*, *m*, zilinitoka nusu nusu. Kusema "mama" kwenye simu kulinichukua nguvu, na mama akajua nimeficha kitu. Chai ndiyo iliyonifundisha adabu. Siku ya kumi nilipokea kikombe, nikakiweka mdomoni, nikanywa, ulimi ukashtuka, nikakitoa. Jioni tuliona lengelenge kwenye mdomo wa chini. Ulikuwa umeungua na haukulalamika. Tangu hapo kila cha moto nilikionja kwa kidole kwanza, na nilifanya hivyo miezi minne.

Wiki ya tano ulianza kuamka. Si kwa kuhisi, kwa kuwasha. Kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi, hasa usiku, na mara moja moja kama cheche ya umeme inayopiga na kupotea. Nilimpigia daktari kwa hofu. Akafurahi. Alisema neva inayorudi huja na kelele. Upande wa kulia ulirudi wote kufikia mwezi wa nne. Upande wa kushoto ulirudi kwa vipande, kutoka nje kuja katikati, na ukakoma. Mpaka leo, mwaka wa pili huu, chini ya pembe ya kushoto ya mdomo nina kiraka cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba ambacho kinahisi kama kimefunikwa kitambaa. Nikinyoa naanzia hapo, karibu na kioo, taa imewashwa, kwa sababu mara ya kwanza niliyonyoa baada ya miaka yote ile nilijikata pale pale na nikaijua damu kwa kuiona.

Je, watu waliona? Nilirudi kazini siku ya 14, bado na ndevu, uvimbe umebaki kidogo. Mmoja aliniuliza kama nimenenepa. Mwingine alisema likizo imenipenda. Mwezi wa tatu niliponyoa, waliona nimenyoa. Hakuna hata mmoja aliyetaja kidevu. Nilichokibeba miaka 15 kama bango, wenzangu hawakuwahi kukisoma. Hili lilinihuzunisha siku mbili tatu, kisha likanipa amani ambayo sikuitegemea.

Sura yenyewe iliendelea kubadilika polepole hadi karibu mwaka mzima, kwa hiyo usihukumu kwa picha ya mwezi wa kwanza. Ukipitisha kidole kwenye ukingo wa taya langu upande wa kulia utakuta kijingazi, pale kipande kilichosogezwa kinapoachana na mfupa wa zamani. Hakionekani, kinagusika tu, na nilikuwa nimeambiwa kinaweza kuwepo. Midomo inakutana yenyewe sasa. Nagundua zaidi asubuhi, nikiamka koo lina unyevu.

Mwezi uliopita mpwa wangu, mtoto wa dada yule yule, miaka 19, alinijia na simu mkononi. Alikuwa amejitengenezea picha ya ubavuni yenye kidevu kipya, kama ile niliyoonyeshwa mimi. "Mjomba, wewe ulifanya wapi?" Nilimwambia aweke simu mezani, asimame mbele ya kioo, aachie midomo ikae, halafu aifunge taratibu bila kubana. Akaifunga. Ikakutana bila tabu, ngozi ya kidevu imetulia. Nikamwambia abane magego na avute mashavu kando nione. Meno ya juu yalikuwa yamepita ya chini kwa mbele, upana wa kidole kizima. Tunakwenda wote kwa daktari wa meno Jumanne.